Alikunywa, akapona: upande usiohesabiwa wa hoja za kisayansi

Masika yanapokolea, njia za ndani za Bunju, jijini Dar es Salaam, kuanzia Bunju A hadi kule Mabwepande, hujaa madimbwi, na homa hazikawii kufuata. Mtoto anashinda amelala, mwili unachemka, uji hautaki. Mama anambeba hadi zahanati iliyo kando ya Barabara ya Bagamoyo. Mtoto anatolewa damu, wanasubiri kwenye benchi, karatasi inatoka: malaria hakuna, taifodi ipo. Wanaondoka na dawa za siku saba. Siku ya tatu homa imekatika, mtoto anakimbizana na wenzake uani. Jirani akiuliza alikuwa na nini, jibu liko mdomoni: taifodi, na ile dawa ni kiboko.

Mazungumzo ya namna hiyo yamezoeleka, na hakuna anayeyaita sayansi. Lakini ndani yake mna kila kitu ambacho hoja ya kisayansi huwa nacho: tatizo, kipimo, tiba, matokeo na hitimisho kuhusu chanzo. Anayeyasema hadanganyi. Homa ilikuwepo, karatasi iliandikwa, dawa zilimezwa, mtoto akapona. Kasoro iko katika ule mruko wa kutoka "alimeza, akapona" hadi "alipona kwa sababu alimeza". Kati ya sentensi hizo mbili kuna swali linalotakiwa kujibiwa kwanza: asingemeza, ingekuwaje?

Wanafalsafa wa sayansi wameliandikia swali hilo vitabu vingi, na taasisi za utafiti duniani hutumia fedha nyingi kulijibu. Afrika Mashariki nayo ina historia yake ya kulijibu vizuri, na historia yake ya kulisahau. Baadhi ya kurasa muhimu za historia hiyo ziliandikwa jirani sana na Bunju.

Homa isiyosubiri dawa

Mwaka 2008 watafiti walioongozwa na Valérie D'Acremont waliwachunguza watoto 1,005 waliofika kutibiwa na kurudi nyumbani katika vituo vya Dar es Salaam na Ifakara. Wote walikuwa na homa, na wote walikuwa chini ya miaka 10. Badala ya kuridhika na kipimo kimoja, walipima kila kilichowezekana: malaria, bakteria katika damu, mkojo, na orodha ndefu ya virusi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la New England Journal of Medicine. Malaria ilipatikana kwa 10.5% tu ya watoto hao. Maradhi ya virusi yalipatikana kwa 70.5%, na ya bakteria kwa 22%. Wapo waliokuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja.

Maana ya takwimu hizo kwa mzazi wa Bunju ni nzito. Homa nyingi za watoto zinasababishwa na virusi, na nyingi kati ya hizo huisha zenyewe baada ya siku chache. Mtoto wa aina hiyo akipewa dawa ya malaria siku ya pili, atapona siku ya nne. Akipewa dawa ya bakteria, atapona siku ya nne. Akipewa maji ya kutosha na dawa ya kushusha homa, atapona siku hiyohiyo ya nne. Mzazi wa kwanza ataisifu dawa mseto ya malaria, wa pili atakisifu kidonge cha taifodi, na kila mmoja atakuwa na ushahidi aliouona kwa macho yake.

Hilo halimaanishi kwamba dawa hazina kazi. Malaria bado inaua watoto nchini, na mtoto mwenye vimelea asipopata dawa mseto mapema anaweza kufa ndani ya siku chache. Homa ya mtoto inahitaji kituo cha afya na kipimo, na hasa pale mtoto anaposhindwa kunywa, anapopata degedege au anapolegea. Hoja hapa ni nyembamba zaidi: kupona peke yake hakutoshi kuonyesha ni kipi kilichoponya.

Kwa miaka mingi hospitali zenyewe zilianguka katika mtego huohuo. Utafiti ulioongozwa na Hugh Reyburn katika hospitali za kaskazini-mashariki mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la BMJ, uliwafuata wagonjwa 4,474 waliolazwa wakiwa na homa kali na kutibiwa malaria. Damu zao zilipopimwa kwa uangalifu, waliokutwa na vimelea walikuwa 2,062, yaani 46.1%. Zaidi ya nusu walikuwa wanatibiwa ugonjwa ambao kipimo hakikuuona. Hatari kubwa ilikuwa kwamba jina la malaria likishaandikwa kwenye faili, wachache waliendelea kuutafuta ugonjwa halisi, na wengi wa wagonjwa hao hawakupewa dawa ya bakteria ambayo pengine walikuwa wanaihitaji.

Kipimo cha haraka cha malaria kilipoingizwa katika vituo vya Dar es Salaam, matumizi ya dawa za malaria yalishuka kwa takriban robo tatu. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini watafiti waliona jambo jingine katika takwimu hizohizo: matumizi ya dawa za kuua bakteria yalipanda. Malaria ilipoondolewa kwenye karatasi, daktari na mgonjwa walitafuta jina jingine la kuandika.

Hesabu ya taifodi

Mara nyingi jina hilo ni taifodi, na mara nyingi linatokana na kipimo kilichobuniwa mwaka 1896 na daktari Mfaransa, Fernand Widal. Kipimo cha Widal hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza ulipokutana na bakteria wa jamii hiyo. Askari hao wanaweza kuwa wamebaki tangu mgonjwa alipougua zamani, au wametengenezwa dhidi ya bakteria wengine wanaofanana na yule wa taifodi. Njia ya uhakika zaidi ni kuotesha damu maabara na kuona kinachoota, lakini kazi hiyo inachukua siku kadhaa na inahitaji vifaa ambavyo zahanati nyingi hazina.

Je, Widal inakosea kiasi gani? Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliotesha damu za watoto 1,680 waliolazwa na homa, kisha wakalinganisha na majibu ya Widal. Ripoti yao ilitoka mwaka 2010. Kati ya watoto wote hao, waliothibitika kuwa na taifodi walikuwa 16, sawa na 1%. Widal iliwanasa 75% yao. Kwa watoto wasio na taifodi, ilisema kweli mara 98 katika kila 100.

Msomaji akiisikia 98% atasema kipimo ni kizuri sana. Afanye hesabu. Robo tatu ya watoto 16 ni watoto 12, ambao walikuwa wagonjwa kweli na kipimo kikasema ndiyo. Watoto wasio na taifodi walikuwa 1,664, na 2% yao ni kama watoto 33, ambao hawakuwa wagonjwa lakini kipimo kikasema ndiyo. Jumla ya waliopewa karatasi ya "taifodi ipo" inakuwa 45 hivi, na wenye taifodi ya kweli kati yao ni 12. Ripoti yenyewe inataja 26%. Katika kila karatasi nne zilizosema taifodi ipo, karibu tatu zilikuwa hazisemi kweli, na hapo ni hospitali iliyofanya kazi kwa umakini wa utafiti.

Hakuna aliyedanganya na hakuna mashine iliyoharibika. Kosa linatokana na kusahau kuuliza ugonjwa wenyewe ni wa kawaida kiasi gani kabla ya kupima. Ugonjwa ukiwa adimu, hata kipimo kinachokosea mara chache kitazalisha majibu ya uongo mengi kuliko ya kweli, kwa sababu wasio wagonjwa ni wengi mno. Ndiyo sababu mtu mzima aliyechoka kwa foleni za Tegeta na usingizi mchache anaweza kuambiwa ana taifodi leo, akaambiwa tena baada ya miezi miwili, na kila mara akameza dawa zinazowafundisha bakteria wa mwilini mwake kuzizoea. Usugu huo wa dawa utamdhuru siku atakapougua kweli, na utamdhuru jirani yake pia.

Kikombe cha Samunge

Mwanzoni mwa mwaka 2011 kijiji cha Samunge, katika eneo la Loliondo wilayani Ngorongoro, kiligeuka kuwa mahali palipotajwa kuliko pengine popote nchini. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kote kwa jina la Babu, alikuwa akitoa kikombe kimoja cha dawa ya mizizi ya mti wa mugariga kwa Sh500. Alieleza kwamba Mungu alimwonyesha dawa hiyo ndotoni, na kwamba inatibu Ukimwi, kisukari, shinikizo la damu, pumu na saratani. Watu walimiminika kutoka mikoa yote, kutoka Kenya na mbali zaidi. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi, wengine wakaja kwa helikopta, viongozi wakaonekana wakinywa. Mwishoni mwa Machi, Babu mwenyewe aliomba watu wasimame kwanza hadi waliokuwepo wapungue. Vikombe vya watu wengine vikazuka katika mikoa mingine.

Waliorudi walitoa ushuhuda, na wengi walisema ukweli kuhusu walivyojisikia. Ndiyo maana tukio la Loliondo linastahili kuchunguzwa kwa heshima, bila kejeli kwa wagonjwa waliokuwa wamekata tamaa. Mtu mwenye pumu au maumivu sugu husafiri anapokuwa katika hali mbaya kabisa. Maradhi hayo hupanda na kushuka yenyewe, na baada ya siku mbaya kuliko zote, siku zinazofuata mara nyingi huwa na nafuu, kikombe kiwepo kisiwepo. Mwenye virusi vya Ukimwi aliyekuwa anameza ARV kwa uaminifu angeweza kupimwa baada ya safari na kuambiwa virusi havionekani kwenye damu. Sifa hiyo ilikuwa ya vidonge alivyomeza kwa miezi mingi. Akaipa kikombe, na baadhi wakaacha vidonge.

Kisha kuna wale ambao hawakuhesabiwa. Vyombo vya habari viliripoti wagonjwa waliofia njiani na kwenye foleni. Waliokunywa wakaendelea kudhoofika nyumbani hawakuitwa redioni. Ushuhuda ulitoka kwa waliobaki wakiwa na nguvu ya kushuhudia. Hoja inayojengwa juu ya waliobaki peke yao haiwezi kushindwa, kwa sababu wanaoweza kuipinga hawapo.

Serikali ilituma wataalamu, na maelezo yaliyotolewa yakawa kwamba kwa kiwango kilichonywewa dawa haikuonekana kuwa na sumu ya kumdhuru mtu. Mitaani habari hiyo ikasambaa kama uthibitisho kwamba inaponya. Hayo ni mambo mawili tofauti. Maji ya kunywa hayana sumu, na hayatibu kisukari.

Mwanafalsafa Karl Popper, katika kitabu chake cha mwaka 1934, alisema alama ya nadharia ya kisayansi ni kwamba inajiweka hatarini: inataja mapema ni matokeo gani yakitokea yataiangusha. Dawa ya Samunge ilielezwa kuwa inafanya kazi kwa imani, ikitolewa na Babu mwenyewe, mahali palepale. Aliyepona alithibitisha dawa. Asiyepona aliambiwa imani yake ilipungua. Kwa mpangilio huo hakuna mgonjwa hata mmoja ambaye angeweza kuonyesha kwamba dawa haikufanya kazi. Imani ya mtu ina nafasi yake na hadhi yake, lakini dai kwamba kitu fulani kinaondoa virusi kwenye damu ni dai kuhusu damu, na damu hupimwa. Babu alifariki Julai 2021. Waliokuwa na virusi wakaendelea kuhitaji ARV.

Miezi sita ya kifua kikuu

Wakati huohuo kuna tiba ambayo maelfu ya Watanzania wanaitumia bila kujua kwamba ilithibitishwa kwa wagonjwa wa hapahapa. Hadi miaka ya 1960 kifua kikuu kilitibiwa kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Wagonjwa wengi walichoka na kuacha njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mpango wa pamoja wa nchi za Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ukiwa na Wallace Fox miongoni mwa viongozi wake, ulijaribu kitu ambacho wengi walidhani hakiwezekani: kuponya kwa miezi sita.

Wagonjwa waligawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, kila kundi likapewa mchanganyiko tofauti wa dawa, na kundi moja likaendelea na tiba ya muda mrefu iliyozoeleka. Ilipofika mwisho wa miezi sita, wengi katika makundi yote walionekana wamepona. Makohozi yao hayakuotesha bakteria. Laiti utafiti ungeishia hapo, pengine michanganyiko yote ingetangazwa kuwa mizuri.

Watafiti waliendelea kuwafuatilia. Miezi iliyofuata, ugonjwa uliwarudia wengi kati ya waliopewa michanganyiko dhaifu, ilhali waliopewa rifampisini pamoja na dawa nyingine walibaki salama, isipokuwa wachache sana. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972 katika jarida la The Lancet. Msingi wa tiba ya miezi sita inayotolewa leo ulijengwa na kazi hiyo na nyingine zilizoifuata. Tofauti kati ya kujisikia nafuu na kupona ilionekana kwa sababu kulikuwa na wa kulinganishwa naye, na kwa sababu kuna mtu aliyerudi kuuliza hali baada ya muda.

Bagamoyo, mwendo mfupi kutoka Bunju

Daladala zinazopita Bunju kuelekea kaskazini huishia Bagamoyo, mahali ambapo Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo cha utafiti. Kuanzia mwaka 2009 kituo hicho, pamoja na Korogwe, kilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S. Watoto waliosajiliwa walikuwa 15,459.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini watoto wote wasingepewa chanjo, kisha ikaangaliwa kama malaria imepungua. Jibu liko katika mambo yaliyokuwa yakitokea Tanzania miaka hiyohiyo. Vyandarua vyenye dawa vilikuwa vinagawiwa kwa wingi, kipimo cha haraka kilikuwa kinaenea, dawa mseto ilikuwa imechukua nafasi ya dawa za zamani, na mvua hazilingani mwaka hadi mwaka. Malaria ingeweza kupungua kwa sababu yoyote kati ya hizo, na chanjo ikachukua sifa isiyo yake. Kwa hiyo watoto waligawanywa kwa bahati nasibu. Wale wakubwa kidogo waliokuwa kundi la ulinganisho walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, na wachanga wakapewa chanjo dhidi ya aina moja ya homa ya uti wa mgongo, ili nao waondoke na faida. Mzazi hakujua mtoto wake yuko kundi gani, na daktari aliyemhudumia hakujua pia. Kila mtoto alipougua alihesabiwa kwa kipimo kilekile.

Matokeo hayakuwa ya kushangiliwa kwa ngoma. Kwa watoto waliopata dozi nne wakiwa wameanza na umri wa miezi 5 hadi 17, matukio ya malaria yalipungua kwa 36.3% katika miaka minne ya ufuatiliaji. Kwa wachanga upungufu ulikuwa 25.9%. Namba hizo zilitangazwa jinsi zilivyo.

Likatokea pia jambo la kutia hofu. Miongoni mwa watoto wakubwa waliopata chanjo, 21 waliugua homa ya uti wa mgongo, na katika kundi la ulinganisho aliugua mmoja. Waliochanjwa walikuwa mara mbili ya wale wengine, lakini hata ukizingatia hilo tofauti ilibaki kubwa. Je, chanjo ndiyo chanzo? Hapa kulikuwa na majaribu mawili. Moja lilikuwa kulifunika jambo hilo kwa kuwa malaria inaua wengi zaidi. Jingine lilikuwa kutangaza kwamba chanjo inaleta ugonjwa. Watafiti waliliandika wazi, wakaeleza kwamba katika jaribio linalohesabu maradhi mengi kwa pamoja, baadhi ya tofauti hutokea kwa bahati, na kwamba njia ya kujua ni kuangalia tena kwa watoto wengi zaidi. Kuanzia mwaka 2019 chanjo ikatolewa kwa ufuatiliaji maalumu katika maeneo ya Ghana, Kenya na Malawi. Watoto zaidi ya 800,000 walikuwa wamefikiwa ilipofika Oktoba 2021, na ile hofu ya homa ya uti wa mgongo haikuthibitika. Mwezi huohuo Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo. Bagamoyo ilishiriki tena katika majaribio ya chanjo ya pili, R21, iliyopendekezwa mwaka 2023.

Papai na mkia wa hoja

Tarehe 3 Mei 2020, akizungumza Chato, Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai, fenesi, mbuzi, kware na oili ya gari zilipelekwa maabara ya taifa zikiwa zimepewa majina na umri wa watu, na kwamba baadhi, likiwemo papai, zilirudi na majibu ya kuwa na virusi vya corona. Habari ikazunguka dunia nzima.

Wazo la kuipelekea maabara sampuli ambazo haijui asili yake si la kubezwa. Maabara makini hujipima kwa njia hiyo, na katika kila mzunguko wa kipimo cha aina ile huwekwa mrija wa maji safi ambao ukitoa jibu la virusi, majibu yote ya mzunguko huo hutupwa. Papai likirudi na virusi, kuna jambo la kuchunguzwa: uchafuzi mezani, majina kuchanganywa, mashine, au kemikali ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya maji ya matunda. Ushahidi unaishia hapo.

Lakini hoja iliongezewa mkia. Nje ya nchi wapo waliodai kwamba kipimo hicho hakifai popote duniani. Wengine wakahitimisha kwamba waliokutwa na virusi nchini walikuwa wazima. Ili kufika huko kungehitajika sampuli nyingi, kupimwa tena, na kupelekwa maabara ya pili ili kulinganisha. Mkuu wa Kituo cha Afrika cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, John Nkengasong, aliyakataa madai kwamba vipimo vilikuwa vibovu. Siku chache baadaye takwimu za taifa zilisimama zikiwa na wagonjwa 509, na kwa zaidi ya mwaka hazikuongezeka. Wapo walioisoma namba hiyo iliyoganda kama dalili kwamba ugonjwa umekwisha. Namba isiyoandikwa haiwezi kupanda. Mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, takwimu zilianza kutolewa tena na chanjo ya corona ikazinduliwa Julai.

Aliyekataa naye alikosea

Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kusema kwamba dawa ya makosa haya ni kutilia shaka kila kitu. Kijana mmoja wa Kitanzania alionyesha kwamba shaka nayo inaweza kuwa hoja mbovu.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba akiwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kanuni ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu, naye akayaweka yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake aliyewahi kuyaweka yakiwa ya baridi yakawa bado mazito ya kumiminika. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, na wenzake wakaifanya utani. Hakuna aliyechukua vyombo viwili akajaribu. Dai lilikataliwa kwa sababu halikulingana na kilichoandikwa ubaoni.

Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichokuwa bado changa, alipotembelea Mkwawa, Mpemba alimuuliza swali lilelile mbele ya wote, na wenzake wakacheka. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kujaribu. Alimwagiza fundi wake wa maabara, ambaye alirudi na taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia hadi wapate jibu sahihi. Kauli hiyo ya fundi inaeleza ugonjwa mzima: jibu lilishaamuliwa, kilichosubiriwa ni jaribio la kulikubali. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika jarida la Physics Education, na jambo hilo likaitwa kwa jina la Mpemba ulimwenguni kote.

Wala kuchapishwa hakukufunga mjadala. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliitisha shindano la kulieleza jambo hilo na kupokea maelezo zaidi ya 20,000. Mwaka 2016, Henry Burridge na Paul Linden walipima upya na kupitia vipimo vya wengine. Waliona kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu ndani ya chombo kunaweza kulifanya tukio lionekane au lipotee, wakahitimisha kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha kuwa maji ya moto hupoa mapema zaidi. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer walichapisha katika jarida la Nature jaribio la chembe ndogo zilizodhibitiwa kwa uangalifu, ambamo mfumo wa moto ulipoa haraka kuliko wa uvuguvugu. Kwa chembe hizo limeonekana. Kwa maji ya kawaida ndani ya friji wanasayansi bado wanabishana.

Hiyo ndiyo zawadi kubwa kwa shule za sekondari za Bunju, Boko na Tegeta, kwa sababu jaribio hili halihitaji maabara ya taifa. Linahitaji vikombe viwili vinavyofanana kabisa, ujazo uleule wa maji kutoka bomba lilelile, na vipimajoto viwili vilivyofungwa kwenye kina kilekile. Darasa liamue kabla ya kuanza ni nini kitahesabiwa kuwa kuganda: utando wa juu, au kikombe kizima. Nafasi za vikombe ndani ya friji zipangwe kwa kura na zibadilishwe kila mara, ili kona yenye baridi kali isipendelee kikombe chochote. Kila mzunguko uandikwe daftarini, hata ule ulioharibika umeme ulipokatika. Na ukurasa wa kwanza wa daftari, kabla ya friji kufunguliwa, kila mwanafunzi aandike anachotarajia na matokeo yatakayomfanya abadili mawazo, kisha atie sahihi.